Nataka kuacha vidagaa hai nihamie chambo cha plastiki kwa krapi na blugili, wajuzi nisaidieni

Ndoano_Butu
Wakuu, habari za jioni. Nipo St. Paul, Minnesota, mwaka wa nne huu. Nimekulia Mwanza, kwa hiyo kuvua si jambo geni kwangu. Utotoni tulikaa juu ya mawe, uzi mkononi, chambo nyungunyungu, tukaondoka na perege na furu. Huku nimewazoea hawa samaki wa kikaangoni. Kwa msiowajua, blugili ana umbo la perege, bapa, anajaa kiganjani. Krapi ana mdomo mpana wenye ngozi nyembamba kama karatasi, ukivuta kwa nguvu unachanika.

Miaka yote natumia vidagaa hai vya dukani. Ijumaa nilinunua vikombe viwili, nikavua saa moja tu, giza likaingia. Sheria ya hapa hairuhusu kuondoka na maji ya ziwa ndani ya ndoo, wala kumwaga chambo kilichobaki ziwani. Nikawa raia mwema: nikamwaga maji nchi kavu, nikajaza ya bomba, ndoo nikaiweka gereji. Asubuhi nakuta wote matumbo juu. Mke wangu akauliza kama ndiyo mboga ya leo.

Kwa hasira nikanunua plastiki, vile visamaki bandia vyenye mkia, pakiti tatu za inchi mbili, na vichwa vya jigi (ndoano zenye kichwa kizito) vya aunsi 1/8. Jana nimekaa gatini kwa muda wa saa mbili: krapi sifuri, na blugili wamenikatia mikia minne. Pembeni yangu mzee mmoja na ndoo yake ya vidagaa anatoa tu. Nakosea wapi, au hizi plastiki zimetengenezwa kuvua wavuvi?

BwanaBarafu
Pole mkuu. Dagaa wako wameuawa na dawa ya maji ya bomba. Kama ni klorini, ukiacha maji wazi usiku kucha inapungua yenyewe. Kama ni kloramini haiondoki hivyo, inabidi utumie yale matone ya watu wanaofuga samaki wa mapambo. Rahisi zaidi, beba maji ya chupa.

Tukirudi kwenye plastiki, hiyo 1/8 ni nanga! Karibu gramu tatu na nusu. Inazama kama jiwe, samaki hapati hata nafasi ya kufikiria. Tumia 1/32, ambayo haifiki gramu moja. Upepo ukiwa mkali, 1/16. Na jambo ambalo wengi hatuambiwi: macho ya krapi yamekaa kwa juu, anakula akipanda. Chambo kikishashuka chini yake umempoteza. Bora kiwe futi nzima juu ya kichwa chake kuliko inchi mbili chini ya tumbo.

Mama Kikaango
Mdogo wangu, blugili hakukatii mikia kwa ubaya. Ana kamdomo kadogo, inchi mbili atazimezaje? Anadonoa nyuma, ndoano iko mbele, wewe unavuta hewa. Mtafutie ya inchi moja na ndoano ndogo, namba 10. Za inchi mbili muachie krapi.

Halafu kagua ulivyoivalisha. Plastiki ikipinda kwenye ndoano inazunguka majini kama feni, na hakuna dagaa anayeogelea hivyo. Ivue, irudishe mpaka inyooke.

Mtu wa Ukerewe
Mimi napinga kidogo. Kule kwetu wanaotega sangara kwa ndoano wanaweka mumi hai au furu, na wana sababu. Kiumbe hai anahangaika mwenyewe, wewe unakunywa chai. Nimevua Wisconsin miaka sita, na siku ya baridi baada ya hali ya hewa kubadilika ghafla, plastiki yangu inatazamwa tu kama picha ukutani. Siku hizo narudi kwa kidagaa bila aibu. Usitupe ndoo.

BwanaBarafu
@Mtu wa Ukerewe hapo nakubaliana nawe. Ila Mei, maji yakifika kama nyuzi 16 za Selsiasi na krapi wakasogea kwenye kina kifupi kutaga, sioni sababu ya kubeba ndoo. Plastiki moja inatoa samaki kumi na bado nzima. Kidagaa kimoja, samaki mmoja, tena akipenda.

Ndoano_Butu
Asanteni sana. Sasa mkono ufanye nini? Jana nilikuwa natikisa fimbo muda wote ili plastiki ionekane hai.

Mama Kikaango
Hapo ndipo ulipowafukuza. Weka boya dogo, jigi futi tatu chini yake, rusha, kisha TULIA. Mawimbi madogo yanatosha kuichezesha. Hesabu mpaka kumi na tano, vuta kama shubiri moja, tulia tena. Krapi mara nyingi anaichukua ikiwa imesimama. Na usisubiri boya lizame tu. Akiichukua huku anapanda, boya linalala ubavu. Wageni wanadhani uzi umelegea, kumbe samaki tayari yumo.

Angalia na fundo. Kila ukishapata samaki, lisogeze kwa kucha mpaka likae juu kabisa ya tundu la jigi, ili chambo kilale usawa kama samaki anayeogelea. Fundo likiteleza, kinaning'inia kama nguo kwenye kamba.

Chubwi
Naongezea: mikia iliyokatika msiitupe ziwani, samaki wanaimeza. Na kama mfuko unaruhusu, nunua vichwa vya tangsteni. Vya risasi vikimezwa na wale ndege wazamiaji wa hapa Minnesota, vinawaua kwa sumu.

Ndoano_Butu
Mrejesho wakuu. Leo jioni nimeenda na 1/32, nyeupe, boya, mikono nimeificha mfukoni kabisa. Dakika ishirini kimya, nikaanza kuwasema moyoni. Kisha boya likalala ubavu. Nikainua taratibu, krapi wa kwanza huyo. Kufika saa mbili usiku nilikuwa nao saba, na blugili watatu kwa ile ya inchi moja. Yule mzee wa ndoo kaja kuchungulia boksi langu bila kusema neno.

Swali la mwisho. Zile za aina nyingine, laini zinazovutika kama mpira, nilizichanganya na hizi kwenye kiboksi kimoja, nimekuta zimeyeyuka na kushikamana kama ubani uliotafunwa. Ni joto la gari?

Chubwi
Si joto pekee, hizo mbili hazielewani. Kila aina ibaki kwenye pakiti yake. Hilo boksi nalo kagua chini, huenda limeanza kulika.

Ndoano_Butu
Limelika. Tena ni la mke wangu, alikuwa anawekea sindano.