Samaki wa kung'arisha kwa asali, mlo wa mtu mmoja: samoni, sangara, jodari au kibua?

Geto_Sakina (mleta uzi)
Wakuu salaam. Naishi mwenyewe hapa Sakina, Arusha. Natoka kazini saa kumi na mbili, nikifika geto nguvu ya kupika ninayo ya nusu saa tu, ikizidi hapo naishia chipsi mayai. Vifaa: jiko la gesi la mafiga mawili, kikaango kimoja kisichoshika, na oveni ndogo ya umeme aliyoniachia mpangaji aliyehama.

Nina hamu na yule samaki wa sosi ya asali na soya, anayepikwa mpaka anang'aa. Wengi wanampika kwa samoni. Supamaketi samoni nimemwona, kagandishwa, vipande viwili kwenye plastiki iliyofyonzwa hewa. Ukisoma bei unamrudisha kwenye friza kimya kimya, maana hela hiyo unapata sangara wa kula siku kadhaa.

Sasa, samoni ana nini ambacho sangara au jodari hana? Na nitumie kikaango au oveni? Naomba wajibu waliopika, siyo waliosikia.

Jikoni_Njiro
Ana mafuta, mkuu. Hapo ndipo hela yako inapokwenda. Samoni wa kufugwa, kama wale wa Norway, ana mafuta zaidi ya gramu 10 katika kila gramu 100 za nyama. Mnofu wa sangara haufiki hata nusu ya hapo. Kwa mtu aliyechoka hiyo ndiyo tofauti yenyewe: samoni ukimzidishia dakika mbili bado analika, sangara ukimzidishia dakika mbili unatafuna pamba.

Kipande kimoja cha gramu 150 hadi 180 kinakutosha. Sosi yake: soya sosi kijiko kikubwa kimoja, asali vijiko viwili vya chai, punje moja ya kitunguu swaumu iliyopondwa, tangawizi ya kukwangua kidogo, ndimu nusu. Changanya kwenye kikombe, weka pembeni. Chumvi usiongeze hata chembe. Kijiko kikubwa cha soya sosi ya kawaida kina chumvi gramu mbili na ushee, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu asizidishe gramu 5 kwa siku nzima.

Samaki mkaushe kwa tishu mpaka tishu itoke kavu. Kikaango moto wa kati, mafuta kijiko cha chai, laza upande wa ngozi chini halafu MWACHE. Watu wanashindwa hapo, wanamgeuzageuza kama chapati. Mwangalie kwa ubavuni: rangi inafifia kuanzia chini, ile ya machungwa iliyokolea inakuwa pinki ya maziwa, inapanda taratibu. Ikipita nusu na kukaribia theluthi mbili, mgeuze. Kwa kipande cha unene wa sentimita mbili na nusu ni dakika kama nne au tano. Mpe dakika moja upande wa pili, punguza moto, mimina sosi, mmwagilie kwa kijiko mpaka sosi ishike kijiko. Zima.

Ukiona matone meupe kama maziwa ya mgando yanachuruzika ubavuni, hiyo ni protini inayoitwa albumini. Inalika, ila ujue moto umezidi.

Mzee_wa_Kijenge
Vijana mnapenda gharama. Sato mbichi yupo, ndimu ipo, mafuta yapo. Asali na samaki wapi na wapi?

Jikoni_Njiro
Shikamoo mzee. Sato kwa asali anakubali, tatizo ni wembamba wake. Mnofu wa sato dakika mbili kila upande umeshaiva, sosi haijapata muda wa kushika. Inabidi sosi uichemshe peke yake kwanza mpaka iwe nzito, ndiyo umpake. Sufuria ya pili ya kuosha hiyo, na mleta uzi ameshasema amechoka.

Mangi_wa_Rau
Niko Moshi. Nashangaa mnalinganisha samoni na sangara. Kama mnachonunua ni mafuta, wa kulinganisha naye ni KIBUA. Samaki wa mafuta yule, na omega 3 mnayoifuata kwa samoni anayo ya kutosha. Bei yake ni ya binadamu wa kawaida, na kibua mmoja wa wastani ni mlo wa mtu mmoja kamili.

Mpasue mgongoni, mfungue abaki bapa, toa utumbo, vuta uti wa mgongo kwa vidole ukianzia kichwani. Unatoka na miba mingi, siyo yote. Ile ya katikati ya mnofu kaa nayo macho. Ngozi usimenye, ndiyo inayokaukia vizuri kwenye kikaango. Nyama yake ina harufu kali kuliko samoni, kwa hiyo tangawizi weka mara mbili na ndimu weka nzima, asali punguza ibaki kijiko kimoja cha chai. Kibua na utamu mwingi hawapatani.

Sangara mimi simpigi vita, ila mnofu wake hauna ngozi wala mafuta ya kubeba sosi. Ukimpakia asali akiwa hivyo hivyo inateleza yote inabaki kwenye kikaango.

Binti_Themi
Kwa sangara kuna dawa: mkate vipande vya unene wa vidole viwili, mpanguse maji, mpitishe kwenye unga wa ngano kidogo sana, kung'uta uliozidi. Unga ndio unaoshika sosi. Mimi katikati ya wiki napika sangara hivyo, samoni nangoja mshahara, na sioni aibu kusema samoni ni mtamu zaidi. Ni mtamu zaidi jamani, tusidanganyane.

Kuhusu oveni na kikaango. Oveni ya wati 1,500 ukiiwasha dakika 20, pamoja na kuipasha, imekula nusu uniti ya LUKU kwa kipande kimoja cha samaki. Kikaango kinamaliza kazi kabla oveni haijapata moto. Faida ya oveni ni moja: ule moto wa juu. Ukitaka uso wa samaki utoe vidoa vya kahawia, mpike kwenye kikaango, kisha mpe dakika mbili chini ya moto wa juu akiwa kwenye foili. Simama hapo hapo, usiende kuchati.

Sasa asali. Asali ina fruktosi (sukari ya matunda) nyingi, na fruktosi inaanza kubadilika rangi kwenye nyuzi 110 hivi, wakati sukari ya kawaida inavumilia mpaka karibu nyuzi 160. Ndiyo maana ukiiweka mapema inaungua samaki akiwa mbichi ndani. Sosi ikiwa bado ina maji haina shida, maana kwa urefu huu wa Arusha, mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 na sosi inabaki karibu na hapo. Maji yakiisha tu, joto linaruka. Sikiliza: mapovu madogo ya haraka yakigeuka makubwa, mazito, yanayopasuka polepole, zima.

Fundi_Friji
Mmesahau kitu kikubwa: sisi tuko mbali na bahari. Jodari, nguru na vibua wakikaa kwenye joto, bakteria wanatengeneza histamini ndani ya nyama, na histamini haiondoki kwa kupika. Utakaanga, utachemsha, ipo pale pale. Unakula, baada ya muda mfupi uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, unadhani una aleji. Kwa hiyo jodari "fresh" aliyesafiri toka Tanga juu ya barafu iliyoyeyuka, mwache. Bora aliyegandishwa akawa mgumu kama jiwe, na pakiti isiwe na barafu ya unga ndani, maana hiyo mara nyingi dalili aliyeyuka akagandishwa tena.

La pili, samoni wa plastiki iliyofyonzwa hewa: kabla ya kumyeyusha toa kwenye hiyo plastiki, au itoboe. Mle hakuna oksijeni, na kuna bakteria wa sumu kali ya botulizimu wanaopenda mahali pa namna hiyo. Mweke kwenye bakuli lenye mfuniko, shelfu ya chini ya friji, asubuhi unapotoka. Jioni yuko tayari.

Geto_Sakina
Aisee, uzi umekuwa darasa. @Fundi_Friji friji sina, nina jirani mwenye friza tu. Hapo inakuwaje?

Fundi_Friji
Basi usinunue pakiti ya vipande viwili, ukimyeyusha wa pili utamla kwa kulazimishwa. Nunua kibua mmoja mmoja au mnofu mmoja wa sangara jioni ile ile unayopika. Akiwa bado mgumu mtie kwenye mfuko usiopitisha maji, uzamishe kwenye maji ya baridi, maji ubadilishe kila nusu saa. Mnofu mwembamba unalainika wewe ukiwa unaoga na kupika wali. Maji ya moto hapana.

Mzee_wa_Kijenge
Huyo kibua wa asali namwambia mama leo amjaribu. Akikataa kula nitawaletea majibu hapa.

Geto_Sakina
Shikamoo ya uzi mzima kwako mzee 😄 Basi mimi ni kibua kwa sasa, kikaango, oveni ipumzike. Pembeni nile na nini kisichoongeza chombo?

Binti_Themi
Chainizi. Samaki akishatoka usioshe kikaango: tia maji vijiko viwili kwenye mabaki ya sosi, tupia chainizi iliyokatwa, funika dakika moja. Wali anza kuuinjika kabla hujamgusa samaki, mchele huku juu unachelewa kuiva.

Mangi_wa_Rau
Au ndizi za kuchemsha. Wali kwa kibua ni kumwonea.