Windows 10 imeisha: santri zetu za Lubumbashi zifundishe Linux ao hapana?

Mwalimu_wa_Ruashi
Jambo yenu bote. Niko nafundisha ordinatere pa santri moja ya mafunzo mu Ruashi, mashini zetu karibu zote ni Intel i3 na i5 za okazyo, zenye zilishatumika, jenerasyo ya tatu na ya ine, RAM giga 4. Windows 10 Microsoft ilishaacha kuiletea marekebisho ya usalama tangu 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inaomba TPM 2.0, ile chipu ya usalama, na Intel ya jenerasyo ya 8 kuenda mbele. Manake kwao mashini zetu ni chuma ya kutupa. Mi naona pa nafasi ya Windows tuweke Linux, ile aina ya Mint yenye sura ya Xfce, ni nyepesi, ni ya bure, bana bafundishwe nayo tangu siku ya kwanza. Bora hivyo kuliko ile Windows ya wizi, haijalipiwa, yenye basekretaria publiki, bale ba kuchapa na kutoa makaratasi, banawekea bantu, na virusi juu.

Mama_Sekretaria
Mwalimu heshima yako iko, lakini hapo pa wizi umenigusa. Niko na sekretaria yangu pa komini Kenya, hapa hapa Lubumbashi, nimesomesha bana na ile mashini unaita ya wizi. Mutu analeta ordinatere imekufa, anataka TFC yake, ile kazi ya mwisho ya masomo, kesho asubui, miye nimuambie ngoja kwanza nimuandikie Bill Gates?

Fundi_Katuba
😂😂 Mama umeua. Ila mwalimu eko na haki kwa virusi. Ile flashi mutu anafungua anakuta dosie zote zimegeuka raksursi, njia za mukato tu, analia mémoire yake ya masomo imepotea, kumbe haijapotea, virusi imezificha tu. Minaichomeka mu Linux, zote zinaonekana, ile virusi yenyewe imekaa pale kama bubu juu imeandikwa kwa Windows. Nafuta, narudisha, nakula franga yangu. Kazi ile njo inalipa nyumba.

Kontable_Kampemba
Munaongea flashi, miye naongea kazi. Mutoto akitoka santri anaenda kuomba kazi ku kampani ya kobalti, banamuuliza Excel na Sage Saari, ile programu ya kontabilite, hakuna mwenye kumuuliza Xfce. Tangu Kongo iingie OHADA, ule umoja wa sheria za biashara mu Afrika, mwaka 2012 kontabilite yetu yote imefwata mpango ule, na Sage haiko ya Linux. Topografu naye AutoCAD, ile ya kuchora plani, haiko ya Linux. Mutamfundisha mutoto kuogelea ku mukeka?

Mwalimu_wa_Ruashi
Kontable, mutoto anakuja hajui kushika mause, wewe unaongea Saari. Excel na Calc ya LibreOffice, ile ofisi ya bure ya Linux, fomula ni zile zile, akijua moja anajua ingine. Na polisi ya Ufaransa, ile ya jandarme, banatumia Ubuntu, aina ingine ya Linux, yao banaita GendBuntu, tangu 2008 na kitu, mashini maelfu na maelfu. Balikufa?

Kijana_Bel-Air
Jandarme unatuletea, na Munich je? Mji muzima Ujerumani ulihamia Linux, karibu mashini 15.000, kisha 2017 baraza ikapiga kura kurudi Windows. Kama Bajerumani na pesa yao imewashinda, sisi na kuran, umeme wa kukatika-katika?

Fundi_Katuba
Munich unaisoma nusu. Mwaka 2016 Microsoft ilihamishia makao yake ya Ujerumani mule mule mu Munich, halafu mwaka kesho baraza inapiga kura. Siseme kitu, jisemee mwenyewe. Na 2020 bakubwa bapya ba mji bakasema tena programu huria zipewe nafasi ya kwanza pale inawezekana.

Mama_Sekretaria
Munich iko mbali. Narudi ku ile neno. Mwalimu, Windows 11 Home bei ya Microsoft yenyewe ni dola 139, Pro 199. Mashini ya okazyo yenyewe haifike ile bei. Uniambie nani mu Kenya yote atalipa dola 199 juu ya kuandika barua ya kuomba kazi. Kisha unikalie hapa unaniita mwizi mbele ya bantu.

Avoka_wa_kesho
Samahani kuingilia. Sheria yetu ya haki za mwandishi ni ya 5 Aprili 1986, na Windows ya kwanza kabisa ilitoka Novemba 1985. Ni rika moja. Ila umasikini haufanyi kosa lisiwe kosa, mama. Hata Biblia, amri ya nane, usiibe.

Papa_Vincent_K
Ni ya SABA. Kijana, ya nane ni usishuhudie uongo.

Avoka_wa_kesho
Kwenu Wakatoliki ni ya saba. Fungua Kutoka 20 uhesabu na vidole.

Papa_Vincent_K
Nimehesabu wewe ukiwa hauyazaliwa. Kanisa ilihesabu mbele ya pastere wako.

Kijana_Bel-Air
Banakuja kuongea Linux sasa banapigana na Musa 🤣

Methodisti_wa_Kamalondo
Papa Vincent ninyi muliunganisha sanamu na ya kwanza kisha mukakata ya kutamani mara mbili, njo maana hesabu yenu inafika kumi. Sikuwa na mpango wa kuingia lakini siwezi kunyamaza.

Kontable_Kampemba
Tafazali. Nani amejibu juu ya Sage? Hakuna.

Fundi_Katuba
Kontable nakujibu: Sage bakia nayo ku Windows, mashini moja tu, uitoe ku intaneti, basi. Sijasema kila mutu ahame. Hata ile i5 ya zamani, na Rufus, programu ya kutengeneza flashi ya kuweka Windows, unaweza kuipandisha Windows 11 kwa nguvu, itaenda, ila Microsoft haikuahidi kitu. Kwa bana ba santri na ba TFC Linux inatosha. Shida ya TFC ni mizanpaji, mpangilio wa paji, ukifungua docx mu LibreOffice paji zinaweza kusogea, kwa hiyo weka zile fonti za Times New Roman, na ukipeleka kwa direktere, mwalimu anayesimamia TFC, peleka PDF. Kingine ni forfe, mega za intaneti za kununua: siku ya kwanza Mint itaomba mega nyingi za marekebisho, fanyia pa mutu mwenye waifai.

Mama_Sekretaria
Na imprimanti? Miye niko na Canon LBP2900.

Fundi_Katuba
HP ingekuwa rahisi, dereva yake inakuja yenyewe. Ile Canon yako… inaomba dereva ya Canon yenyewe, banaita CAPT, Canon iliiacha zamani, unaweza kulala nayo usiku muzima isitoe hata karatasi moja.

Mama_Sekretaria
Si munaona. Ile Canon njo inalisha bana bangu. Nitakupa mashini moja ya kule nyuma uweke Linux yako ya kuosha flashi, ingine usiguse. Na mwalimu atoe ile neno.

Mwalimu_wa_Ruashi
Sitoe. Nilisema Windows ni ya wizi, sikusema mama ni mwizi.

Mama_Sekretaria
Aa. Na mu mashini ilijiingiza yenyewe?

Papa_Vincent_K
Ya saba.