Siku ya nne leo nalilia mtu wa kitabuni, hii ni kawaida jamani?

FundiNgamiani
Habari zenu wote. Mie nipo Tanga mjini, Ngamiani, nashona nguo za akina mama. Naomba mnisome mpaka mwisho maana hili jambo limenikaa kifuani na nyumbani sina wa kumwambia.

Wiki iliyopita mteja kaniletea mfuko wa vitambaa, kumbe ndani kasahau na kitabu, Rosa Mistika cha Kezilahabi, cha zamani sana hata jalada hakina. Nikampigia, akasema we soma tu dada nitakuja kukichukua. Riwaya mie sijashika tangu nimalize shule. Sasa Jumatano umeme ukakatika baada ya adhuhuri, cherehani yangu ya mota haiendi, nikakaa mlangoni nikafungua. Nakuja kushtuka watoto wanatoka madrasa, mchuzi sijabandika, na mie nipo pale pale. Nilikuwa nishafika mbali ila kila mara narudi nyuma kule mwanzo mwanzo, pale baba yake Rosa anapomkuta na barua ya mvulana akampiga. Nasoma mbele kurasa kumi narudi pale. Mara ya tatu nikaanza kulia, tena sio chozi la kufuta na kidole, ni kwikwi, mabega yanatikisika nashindwa kujizuia.

Mama mkwe katoka ndani mbio kanga kaitupia kichwani, "nani kafa? nani kafa?" Sikuweza kumjibu. Jirani wa mlango wa pili kasikia, kaja na mkeka kwapani kabisa anajua ni msiba. Na hapo hata kitabuni kwenyewe pale niliposhika hajafa mtu, ni msichana kapigwa na baba yake tu!

Nimekimaliza Ijumaa, mwisho wake ni mzito siusemi wasije wakaharibikiwa ambao hawajasoma. Ila mpaka leo nikikaa kwenye mashine namuona. Jana nimeunga mkono wa dera la mtu kinyume, ndani nje, nimefumua upya. Na kinachoniumiza zaidi, mwezi jana tulizika hapa mtaani mtu tuliyekuwa tunasalimiana naye kila asubuhi, na sikulia hivi. Sasa mie nina moyo gani wa kumlilia mtu ambaye hajapata kuzaliwa? Yashawahi kuwakuta?

BintiPangani
Pole shoga angu. Kawaida kabisa wala usijione una kasoro.

Sisi Pangani bibi alikuwa akitukusanya usiku, koroboi katikati, anatusimulia ile ya mtoto wa kambo aliyetupwa kisimani. Tunaijua mwanzo mwisho, katusimulia labda mara mia, na kila akifika kisimani mdogo wangu wa kiume analia "bibi mtoe, bibi mtoe leo". Bibi anamfuta kamasi na ncha ya kanga anamwambia siwezi mwanangu, ndivyo nilivyoipokea. Anaendelea. Na kesho yake nani wa kwanza kumwambia bibi tusimulie ya kisimani? Huyo huyo. Sasa hivi ni mtu mzima ana familia yake Handeni na ukimtajia kile kisima anabadilika uso.

KijanaWaKange
Samahani mi nitasema tofauti na msinichukie. Naona tunaendekeza. Dada mwenyewe kasema jirani kazikwa hakulia, halafu analilia karatasi. Hapa stendi Kange kila siku napita mama mmoja kakaa chini na mtoto mgonjwa anaomba nauli, watu wanampita wamevaa iafoni masikioni wanasikiliza simulizi za mapenzi na machozi yanawatoka, nimeona kwa macho yangu. Lile chozi lingemfaa yule mama. Ni hadithi, mtu katunga, angetaka Rosa asipigwe angeandika hakupigwa. Mi sielewi mtu anaumiaje kwa kitu ambacho anajua ni uongo.

MwalimuMstaafu
Kijana wa Kange, usiombe radhi, swali lako ni zito kuliko unavyodhani. Mwaka 1975 mwanafalsafa wa Uingereza anaitwa Colin Radford aliliuliza hilo hilo kwa habari ya Anna Karenina, yule mwanamke wa kwenye riwaya ya Tolstoy. Alisema hivi: mtu akikupa habari ya kusikitisha ukalia, halafu akakwambia nimekutania hakuna kitu kama hicho, machozi yanakatika hapo hapo, pengine unakasirika. Sasa kwa Anna tunajua kabla hata hatujafungua kitabu kwamba hayupo, na bado tunalia. Akahitimisha kwamba hapo binadamu tunajipinga wenyewe, jambo halina mantiki. Wenzake wamebishana naye miaka na miaka.

Mimi nimefundisha Kiswahili sekondari miaka 31 na naona jibu tulishapewa tukiwa tumekaa kwenye mkeka wa bibi yake Pangani hapo juu. Msimulizi anaita "hadithi, hadithi!" na sisi tunaitikia nini? "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Uongo njoo! Tunauita wenyewe kwa kinywa chetu, hakuna aliyetudanganya, tumeufungulia mlango tukijua jina lake. Ndio maana haukatiki kama ule utani wa Radford, kwa sababu yule wa utani aliingia kwa hila na huyu kakaribishwa. Mgeni uliyemkaribisha akikuliza ndani ya nyumba yako huwezi kumwambia hujaja.

Na tazama Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa hapa Tanga, 1909. Mwaka 1951 katoa kitabu cha nchi iliyopo hewani, haina ardhi ya kukanyaga, akaiita Kusadikika. Sio Ya Kweli, ni ya kusadikika. Nimewasomesha watoto kesi ya Karama mle ndani na nimeona darasa zima la wavulana wa kidato cha tatu limekaza taya kwa hasira juu ya waziri Majivuno, mmoja alipiga ngumi dawati mpaka nikanyamaza. Nchi ya hewani, dawati la mninga.

Hicho cha Rosa nacho kilitoka 1971 na mwanzoni kilipigwa marufuku mashuleni, baadaye sana ndio kikaja kusomeshwa. Sasa kama ni karatasi tu nani angehangaika kuizuia?

Ila mwanangu fundi, nina swali moja kwako. Hukutaja kulia mwisho, na mwisho wa kitabu kile ndio unaoliza wengi, nimeona miaka yote. Wewe umelia kwenye barua, mara tatu umerudi pale. Kwa uzoefu wangu machozi ya msomaji hayaanguki ovyo. Kuna nini pale kwenye barua? Huna lazima ya kutujibu sisi, jijibu mwenyewe.

Mvuvi_Sahare
Mi sio mwandishi mtanisamehe. Mzee wangu alipofariki mi ndo mkubwa, kwaiyo nilishika kila kitu, kuchimba kaburi, sanda, kupokea watu wa Muheza na wa Korogwe, hitima, sikutoa chozi hata moja watu wakanisifia kijana kajikaza. Nikaona yamepita. Ikaja miezi minane mbele tupo kwenye ngalawa alfajiri tunasubiri maji yajae, nasoma riwaya kwenye simu zile za kutumiwa sehemu sehemu kwenye WhatsApp, nilikuwa sehemu ya 14. Hakuna msiba wala nini, kuna mzee tu kanywa chai kaacha nusu kikombe kwa ajili ya mwanawe anayetoka shule, kafunika na kisosi. Basi. Mstari mmoja. Mzee wangu alikuwa akifanya vile vile na kile kisosi kilikuwa cha bluu kimevunjika ukingoni, nikakiona kile kisosi wallah nililia pale mpaka nikashindwa kushika kasia. Mwenzangu kaniangalia kageuza uso kaangalia bahari na hajawahi kuniuliza mpaka leo.

Kwaiyo Kijana wa Kange mi yule mzee wa kwenye simu sikumlilia yeye. Nilikuwa sina pa kulilia, nikapata.

nuru_chumbageni
Naongezea kidogo maana nasoma saikolojia. Wamarekani wawili, Melanie Green na Timothy Brock, walifanya majaribio wakayatoa mwaka 2000, wao wanasema msomaji "anasafirishwa", yani akili, hisia na picha kichwani vyote vinahamia kwenye hadithi. Waliwapa watu hadithi moja, wengine wakaambiwa imetokea kweli wengine wakaambiwa imetungwa, na haikuleta tofauti kubwa, walisafiri vile vile. Na aliyezama zaidi ndio aliyetoka na mawazo yanayofuata ile hadithi. Kwaiyo kujua ni uongo sio kinga.

Ila kwa hoja ya yule mama wa stendi naomba tuwe wakweli. Mwaka 2013 Kidd na Castano walitoa utafiti kwenye jarida la Science kwamba ukisoma riwaya nzito hata kidogo unaanza kusoma vizuri hisia za wenzako. Ilisifiwa mno, halafu wengine wakarudia hawakupata matokeo yale. Mimi siwezi kukuahidi kwamba aliyelia kwenye kitabu atampa yule mama nauli.

KijanaWaKange
Nimemsoma Mvuvi mara mbili, pole sana kaka, kwa hilo lako sina neno. Ila ya yule mama bado nasimamia pale pale, chozi lifanye kazi. Mwalimu, hiyo ya "uongo njoo" nimeitikia utoto wangu wote na sijawahi kuisikia maneno yake mpaka leo.

BintiPangani
Sasa kwani ni lazima moja lizuie jingine? Bibi huyo huyo wa kisimani ndiye aliyelea watoto watatu wasio wa kwake. Sisemi hadithi ndio ilimfanya, nasema tu alikuwa navyo vyote viwili.

FundiNgamiani
Nimechelewa kurudi, nilikuwa na nguo za harusi. Asanteni wote, Mvuvi Mungu amrehemu mzee wako.

Mwalimu swali lako nililisoma nikafunga simu. Nimekaa nalo siku mbili. Naandika hapa kwa sababu hamnijui sura.

Nina dada yangu, kanizidi miaka saba. Alipokuwa na kumi na sita alipata barua, karatasi ya daftari ya mistari imekunjwa ndogo kama hirizi, kaificha kwenye foronya. Mie nilikuwa na tisa. Niliiona nikaenda kumpa baba. Hakuna aliyenituma. Alikuwa kaniudhi asubuhi ile kwa kitu ambacho hata sikikumbuki, nikataka baba anisifie. Baba, Mungu amrehemu, alimpiga kwa mkanda uani na mie nimesimama kwenye mlango wa jiko nimeshika ndoo, na dada katikati ya kupigwa akanitazama mara moja. Alishajua. Shule haikuendelea, kaolewa Mombasa haraka haraka, na tangu hapo tunapigiana Idi kwa Idi, hujambo sijambo watoto hawajambo. Hajawahi kuniuliza. Nilikuwa nishajiambia ni mambo ya utotoni nishayasahau, kumbe nilikuwa narudi kwenye ile kurasa kutafuta nani kampelekea baba yake Rosa barua, kana kwamba nitajikuta mle.

Mama mkwe hajui kusoma. Juzi baada ya isha kaniambia basi nisomee na mie nimjue huyo aliyekuliza. Nikasoma kwa sauti. Tulipofika kwenye barua akajifunika kanga usoni kanyamaza muda mrefu, nikadhani kalala. Halafu akasema "rudia hapo". Yule jirani wa mkeka naye jana kaja, mkeka uleule, tupo watatu sasa. Mwenye kitabu nimemuomba aniachie wiki moja zaidi kakubali.

Mombasa nimeshika simu mara mbili nikaweka chini. Ijumaa mchana ndio huwa hafungui duka, nitapiga Ijumaa.