Naomba ushauri: unga wa mbegu za zambarau kwa mgonjwa wa kisukari

Ndugu wanachama, habari za leo. Mama yangu mzazi ana kisukari cha aina ya pili na anatumia dawa za kushusha sukari, metformini pamoja na glibenklamaidi, alizoandikiwa na daktari. Hivi karibuni shangazi alimletea unga wa mbegu za zambarau zilizokaushwa kivulini na kusagwa, akamwelekeza anywe kijiko kimoja cha chai katika maji ya uvuguvugu kila asubuhi kabla ya kula, na mama ameupokea kwa matumaini makubwa.

Sipuuzi dawa za asili, kwani mbegu hizi zimetumika India kwa kisukari tangu zamani, na dondoo zake zimeshusha sukari kwa panya wa maabara. Hata hivyo, watafiti wa Brazili waliowapa watu chai ya majani ya mzambarau hawakuona sukari ikishuka. Linalonitia hofu zaidi ni glibenklamaidi, ambayo hata peke yake yaweza kushusha sukari kupita kiasi. Juzi mama alitokwa na jasho jingi huku mikono ikitetemeka, na kipimo cha sukari kikasoma 3.4 mmol/L, yaani chini ya kawaida.

Kwa waliowahi kuchanganya unga huu na vidonge, na hasa wauguzi na wafamasia, je, daktari alipunguza dozi au alizuia unga kabisa? Na nimwelezeje shangazi, ambaye ana nia njema, kwamba nimemwomba mama auache kwanza hadi aende kliniki, bila kumvunjia heshima?