Serum ya "virusi" kwa ajili ya chunusi, ni kweli au tunapigwa?

MamaK_Nyegezi: Wadau, mdogo wangu ana miaka 19, uso umejaa chunusi za usaha mpaka kwenye daladala anajifunika mtandio, kashapaka kila kitu hadi mkorogo ukamuunguza mashavu. Sasa kuna dada kaniletea serum eti ina bakteriofaji, virusi vinavyokula bakteria. Virusi usoni jamani??

Mzee_Sangara: 😂 mimi nikisikia virusi napanda meli naenda zangu Ukerewe

binti_maabara: Usicheke mzee, faji ni kitu cha kweli, mwanasayansi d'Hérelle alivipa jina la bakteriofaji 1917 na kule Tbilisi, Georgia wanatibia navyo miaka mingi. Haviambukizi mtu. Kila faji ina bakteria wake, inamganda, inamwingizia vinasaba vyake, inazaliana humo humo mpaka anapasuka. Yule wa chunusi ni Cutibacterium acnes, na faji zake tunazo tayari kwenye ngozi. Uzuri wake haifagii bakteria wote kama antibaotiki. Ila chunusi sio bakteria tu, kuna homoni, mafuta, vitundu kuziba, halafu tafiti zenyewe bado changa. Na faji zikipigwa jua kali zinakufa, sasa hiyo chupa ilikaa wapi? Aanze na benzoyl peroxide, dawa ya chunusi ya kupaka, ya asilimia 2.5, ikigoma mpeleke kwa daktari wa ngozi pale Bugando.

MamaK_Nyegezi: Mmh, chupa haina hata tarehe, lebo nimeikwangua kwa kucha ikabanduka, chini kuna lebo ya losheni ya mtoto 😳 namrudishia kesho

Mzee_Sangara: na hela udai