Rais akishasema "usalama wa taifa", jaji anyamaze? Vyama vya wafanyakazi wa serikali Marekani

Wakuu, kesi hii ya vyama hivyo dhidi ya amri ya Trump tunaishabikia kama mechi, ila sioni anayegusa alichoulizwa jaji.

Machi 27, 2025 Rais Trump alisaini amri ya kuwanyima haki ya majadiliano ya pamoja (chama kujadili masharti ya kazi na mwajiri) wafanyakazi wa idara nyingi, zikiwemo Hazina na ile ya wanajeshi wastaafu. Alitumia sheria ya 1978, inayomruhusu rais kuziondoa kwenye haki hiyo taasisi ambazo kazi yao ya msingi ni ujasusi, upelelezi au usalama wa taifa. NTEU, chama cha wafanyakazi wa Hazina na idara nyingine, kikashtaki Washington, na Aprili 25 Jaji Paul Friedman akatoa zuio dhidi ya amri hiyo.

Wanaompinga Friedman wanasema jaji hakupigiwa kura, na usalama ni kazi ya rais. Hoja hiyo ina uzito. Lakini amri ileile iliwaachia polisi na zimamoto vyama vyao, ikawanyang'anya wakusanya kodi! Na maelezo ya Ikulu yalilalamika waziwazi kwamba baadhi ya vyama vinapinga ajenda ya rais. Jaji ajifanye hajayasoma?

Tena wafanyakazi wa serikali kuu hawaruhusiwi kugoma. Mwaka 1981 Reagan aliwafukuza waongoza ndege zaidi ya 11,000 kwa kugoma. Mishahara nayo, kwa walio wengi, haijadiliwi mezani. Kilichobaki ni mkataba wa hali bora: zamu, nidhamu, namna ya kulalamika bosi akikuonea. Ukiuondoa huo, mtumishi anabaki na nini?

Mei 16 mahakama ya rufaa ikalisimamisha zuio, majaji wawili dhidi ya mmoja. Ilisema madhara kwa chama ni ya kudhania tu, kwa kuwa taasisi zilishaelekezwa zisivunje mikataba mpaka kesi iishe. Agosti, idara ya wanajeshi wastaafu ikavunja mikataba ya wafanyakazi wake walio wengi, kesi zikiwa bado zinaendelea. Hilo ndilo linaloniuma. Walioambiwa wasubiri wamesubiri, na mkataba umechanwa.

Kwangu mimi Friedman hakuvuka mipaka. Bunge liliweka sharti, yeye akauliza kama limetimizwa.

Mnaosema jaji asiingilie, nijibuni hili: sharti la sheria ya 1978 lisipopimwa na mahakama, litapimwa na nani, rais mwenyewe?