Bima kubwa kwa gari inayopendwa na wezi: nilipe, nishuke bima ndogo, nifunge traka au niuze tu?

Kipara_Safi (mleta mada)
Wakuu habari zenu. Nina SUV ya kuwasha kwa batani, modeli sitaji maana humu hatujuani, ila ni zile ambazo ukimwambia mtu unayo anakuuliza "bado hawajaichukua?" Bima imeisha mwezi huu, kampuni niliyokaa nayo miaka minne wamegoma kuniendeleza na sijawahi kudai hata kioo. Nikaenda ya pili, yule dada kaingiza modeli kwenye kompyuta, kanyamaza, halafu kanigeuzia skrini nione mwenyewe mstari mwekundu: haikubaliki. Ya tatu wamekubali ila malipo karibu mara mbili na gari ikiibiwa najibebea robo ya thamani yake. Sasa nalinganisha: A) nilipe hivyo hivyo B) nishuke bima ndogo C) nifunge traka (kile kifaa cha kuonyesha gari iko wapi) na vikorokoro vingine nikaombe upya D) niuze. Mnashaurije?

Spana_Mkononi
B mkuu. Bima ndogo, hela inayobaki tupia akiba. Mimi miaka sita sijaibiwa.

MamaPacha
@Spana_Mkononi hujaibiwa kwa sababu gari yako hata mwizi anaionea huruma 😂 Mleta mada usimsikilize, bima ndogo inamlipa uliyemgonga, gari yako ikiondoka usiku asubuhi unabaki na funguo mkononi na hakuna wa kumpigia.

Spana_Mkononi
Basi achukue ile ya katikati, thedi pati yenye moto na wizi.

Klemu_Mstaafu
Nimekaa meza ya madai miaka mingi niwaambie kitu. Hiyo ya katikati watu wanadhani ni nafuu, lakini wanachokiogopa kwenye gari ya huyu bwana ni wizi wenyewe, kwa hiyo kampuni iliyokukatalia kubwa mara nyingi itakukatalia na hiyo, au bei itakaribiana na bima kubwa na ukigonga ukuta hulipwi kitu. Pia usijisikie vibaya, hawakukukataa wewe, wamekataa modeli. Marekani ilitokea kwa Hyundai na Kia za ufunguo wa kuzungusha, za kuanzia 2011 hadi 2022 hivi, nyingi zilitoka kiwandani bila imobilaiza, yaani kile kifaa kinachozuia gari kuwaka bila ufunguo wake, 2022 zikasambaa video za vijana wanabandua plastiki chini ya stelingi na kuwasha gari kwa kichwa cha waya wa USB, kufika mwanzoni mwa 2023 kampuni za bima za State Farm na Progressive wakaacha kukatia bima mpya baadhi ya hizo modeli kwenye baadhi ya miji. Mwenye gari hajakosa chochote, anapigwa chini tu. Februari 2023 wenye viwanda wakatangaza marekebisho ya programu bure kwa magari kama milioni 8.3, na zilizorekebishwa zikaonekana kuibiwa kidogo sana kuliko ambazo hazikurekebishwa. Uingereza nako Range Rover ziliwatesa wenyewe mpaka 2023 kiwanda kikaanzisha bima yake. Kwa hiyo kabla ya C ulizia kama kiwanda chako kina marekebisho au bima ya aina hiyo.

FundiWaya
Niongezee upande wa gari. Za batani zinaibiwa njia kuu mbili. Moja wanavuta mawimbi ya ufunguo ulioko ndani kwako, mmoja anasimama karibu na mlango wa nyumba mwingine karibu na gari, gari inadhani ufunguo uko pale inafunguka na kuwaka. Dawa yake ni kale kapochi ka kuzuia mawimbi, ila kajaribu: tia ufunguo ndani, funga, nenda nao mpaka kwenye gari uvute kitasa. Ikifunguka kapochi kamekufa. Vinachanika kwenye mkunjo, kwa nje huoni kitu. Njia ya pili wanachomoa waya nyuma ya taa ya mbele wanaongea na kompyuta ya gari moja kwa moja, hapo kapochi hakasaidii lolote. Hiyo inataka swichi ya siri au kufuli la chuma la stelingi. Linachekesha ila mwizi akiliona anahesabu dakika.

Kipara_Safi
Asanteni sana. Nilisahau kusema gari ina mkopo wa benki 🙈

MamaPacha
Aisee!! Sasa si ungeanza na hilo? B imekufa hapo hapo, benki wanataka bima kubwa mpaka umalize deni, ukishuka bila kuwaambia umevunja mkataba. Na D ujue deni linaondoka kwanza, kinachobaki ndo chako.

Dogo_Turbo
Kirahisi tu andika kwenye fomu inalala gereji yenye geti na traka ipo. Nani atakuja kuangalia?

Klemu_Mstaafu
Dogo, siku unakata hakuna anayekuja. Wanakuja siku unadai. Nilikuwa naweka fomu huku na maelezo ya polisi huku, nasoma mstari kwa mstari, fomu inasema gereji, polisi wanasema iliibiwa barabarani nje ya nyumba. Faili naifunga kabla ya chai.

MamaPacha
Na traka yenyewe iwe hai. Kaka yangu alifunga kama alivyoambiwa, ada ya mwaka ikaisha yeye hana habari, gari ikaibiwa siku kumi na moja baadaye. Wakamwonyesha kipengele, "iwe inafanya kazi wakati wote". Hakupata hata senti. Alikuwa na risiti ya fundi ameilamineti kabisa.

FundiWaya
😔 wengi wanaangukia hapo hapo

Klemu_Mstaafu
Mleta mada mimi ningeenda C, ila usinunue chochote kwanza. Nenda kwa broka, sio wakala wa kampuni moja, akuulizie kampuni kadhaa kwa maandishi: tukifunga nini mtakubali, traka ya aina gani, cheti cha kufungia kitoke kwa nani, na hiyo robo itashuka mpaka ngapi. Wengine wamekataa modeli moja kwa moja, hao hata ufunge mnyororo wa meli hawakuchukui, hela ya vifaa imepotea. Na uliza wanalipa thamani mliyokubaliana au bei ya soko ya siku ya wizi, gari zikiibiwa sana bei ya soko nayo inaporomoka.

Kipara_Safi
Narudi na mrejesho. Broka kauliza kampuni tano, tatu hapana, moja haijajibu, moja imeandika ndiyo: traka iliyo kwenye orodha yao, kufuli la stelingi, nitabeba nusu ya ile robo. Malipo bado makali ila sio mara mbili. Fundi anakuja Jumamosi. Wameongeza sharti moja, nipeleke funguo ZOTE MBILI zikapigwe picha.

Klemu_Mstaafu
Sawa kabisa, hata ukiibiwa zitatakiwa zote mbili, ikikosekana moja maswali hayaishi.

Kipara_Safi
Tatizo ndo hilo mzee, ya pili siioni tangu tulipohama. Nimepindua droo zote, mke wangu anasema ilikuwa kwenye kopo la vifungo na kopo lenyewe tumegawa.